Perchi wa Sentimita Arobaini na Saba

Jumamosi ya kwanza ya Juni, siku uvuvi wa perchi unapofunguliwa, Jan alifunga ndoano mara nne, na mara nne ikamtoka. Mara ya tano alizungusha mshipi polepole, akaulowesha kwa mate kama alivyofanya maisha yake yote, akavuta. Ndoano ikabaki mkono wa kulia, mshipi ukabaki mkono wa kushoto. Mzee akavitazama vyote viwili, kisha akacheka, akasema mishipi ya siku hizi ni takataka tupu.

"Lete, papa," Hamadi akasema. "Takataka kabisa. Hata mimi jana imenisumbua."

Jana! Jana Hamadi hakugusa mshipi hata kwa kidole. Alishinda nyumbani Molenbeek akimsaidia mkewe, Aziza, kupaka rangi jiko. Lakini aliichukua ndoano, akapiga fundo kwa sekunde kumi, akairudisha mkononi mwa mzee huku ameangalia pembeni, upande wa ukuta wa bwawa, ili Jan asijione anatazamwa. Uongo wa kwanza ndio huo, mdogo, wa heshima, na Hamadi aliona amefanya jambo jema.

Haya, tuwajue watu kwanza. Hamadi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, umri miaka hamsini na nane, na kazi yake Brussels ni kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapeleka hospitali, kuwasikiliza wakirudia hadithi ileile. Miaka sita nyuma shirika lake lilimtuma mtaa wa Auderghem, kwenye nyumba ya Mbelgiji mmoja wa Flandria mwenye mke mgonjwa. Akapanda metro akiwa na mashaka yake, akabonyeza kengele, mlango ukafunguliwa na mzee mrefu aliyemwambia, "Karibu, ndugu. Vua koti, chai iko tayari." Kwa Kiswahili! Kumbe Jan alifundisha ufundi wa umeme Bujumbura miaka kumi na moja, enzi za ujana wake, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mitaa ya Buyenzi ya zamani, chenye maneno ambayo Hamadi aliyasikia mara ya mwisho kwa babu yake.

Mke, Renée, alifariki mwaka uliofuata. Hamadi akabaki na mzee, kila Ijumaa na kila Jumamosi. Na kwa kuwa Jan alikuwa na mashua ndogo kwenye lile bwawa kubwa la kusini, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, Hamadi naye akawa mvuvi. Perchi ni samaki wa maji baridi, ana mistari myeusi ubavuni na mapezi mekundu. Hamadi alimwona kama sangala wa Ziwa Tanganyika aliyedumaa kwa kukosa jua. Lakini mtamu, hilo habishi mtu.

Walichobishana wao ni kurudisha. Jan alikuwa wa wale wanaomvua samaki, wanampima, wanampiga picha, kisha wanamwachia aende zake. Mara ya kwanza Hamadi alipoona hivyo nusura ajitupe majini amfuate.

"Astaghfirullah! Papa, unamwalika mtu kwako, unamtoboa mdomo, halafu unamwambia bon, nenda salama?"

"Anaendelea kuishi, Hamadi."

"Anaishi na kidonda! Na mimi ninarudi kwa Aziza na nini? Na picha?"

Wakaelewana mwishowe kwamba kila safari samaki mmoja ataenda Molenbeek kwenye sufuria ya Aziza, na wengine watarudi kwao. Miaka mitano mapatano hayo hayakuvunjwa. Walikuwa marafiki, kwa nini nisiseme, hata kama mmoja alikuwa anatumwa na shirika na mwingine anatia saini karatasi za saa za kazi.

Sasa nikupeleke kwenye kiapo, maana bila kiapo hakuna kisa.

Ilikuwa Januari, siku za mwisho za msimu. Wakati huo perchi wanashuka chini kabisa, karibu na ukuta wa bwawa, wanajazana kule kwenye kina bila kusogea, na mvuvi inabidi ashushe chambo mita kumi na tano na asubiri mpaka vidole visahau kwamba ni vyake. Jan alikuwa ametoka kwa daktari wiki hiyo. Akasema, macho kwenye ncha ya fimbo yake ya kuvulia, kwamba kichwa chake kimeanza kuvuja. Daktari ana jina lake refu la ugonjwa, yeye anaita kuvuja.

"Renée hatukumwambia," akasema. "Mimi, binti yetu Sofie, daktari, wote tulimchekea. Utapona, utapona. Na alijua, Hamadi. Alijua tunamdanganya. Alikufa peke yake na sisi tumemzunguka kitandani. Mimi sitaki hivyo. Siku nitakapokuwa siwezi tena, wewe utaniambia. Mimi na wewe, hapa, kwenye mashua. Si Sofie, si daktari. Nikijua mapema nitaiweka fimbo chini mimi mwenyewe, na nitachagua mwenyewe pa kwenda, kabla hawajanichagulia. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

"Apa."

"Wallahi," Hamadi akasema, "nitakwambia."

Kuanzia siku hiyo, kila walipokuwa wakiagana, Jan aliuliza neno moja tu: "Bado?" Na Hamadi akajibu, "Bado, papa." Na kwa kweli ilikuwa bado. Mwezi Februari uvuvi ukafungwa, mashua ikalala kibandani, na mzee akabaki Auderghem akipanga ndoano zake kwenye visanduku. Mwezi Machi funguo zilikutwa kwenye friji. Mwezi Aprili aliuliza mara mbili kama Renée amerudi kutoka sokoni. Mara ya pili akajishika kinywa mwenyewe, na chai yake ikapoa bila kuguswa. Hamadi aliona. Lakini mtu wa miaka themanini na moja akisahau funguo, hiyo ni habari? Hata yeye Hamadi funguo humkimbia.

Ndipo ikaja ile Jumamosi ya Juni na fundo lililokataa kufungika. Walipofika Auderghem jioni, Jan akauliza, "Bado?"

Hamadi alijibu kabla hajafikiri. "Bado kabisa, papa."

Usimhukumu haraka, sikiliza alikotoka. Baba yake Hamadi alikuwa fundi cherehani, na pale Buyenzi kanzu ya Idi ambayo hakuishona yeye haikuwa kanzu. Macho yalipomwishia, mishono ikaanza kwenda upande kama njia ya mbuzi. Hakuna aliyemwambia. Kila alasiri, mzee akishakwenda msikitini kuswali, Hamadi na kaka zake walifumua kazi yake yote, wakaishona upya, wakaikunja, wakairudisha mahali pake. Wateja wakaendelea kusifu. Baba alikufa akiamini mikono yake ni ileile, na mtaa mzima ukasema wale watoto wamelelewa. Mkubwa husitiriwa. Hayo ndiyo maadili Hamadi aliyoyajua, aliyanyonya na maziwa, na yalimjengea jina zuri kwao. Tofauti ni moja tu, na ndiyo iliyomponza: baba yake hakuwahi kumwomba aambiwe.

Julai perchi huja juu alfajiri, wakifukuza vidagaa kando ya matete. Jua likipanda wanashuka, basi ukichelewa umekula hasara. Jan alikuwa anachelewa mno. Samaki aligonga chambo, mzee akakaa tu, akasikia mgongo umesisimka bila kujua mkono ufanye nini, na alipovuta samaki ameshakwenda kwa mashemeji zake. Safari nzima bila hata mmoja. Jan akainamisha kichwa. Hakulalamika, hakusingizia mshipi, na hilo ndilo lililomkata Hamadi maini.

Safari iliyofuata Hamadi akakamata perchi wa kadiri, akamwacha akivuta pole pole majini, akaangalia. Jan alikuwa ameinama anajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa. Hamadi akabadilisha fimbo. Ile yenye samaki akaiweka upande wa mzee, ya mzee akaishika yeye, kisha akapiga kelele, "Papa! Papa! Fimbo yako!"

Kahawa ikamwagika. Jan akashika fimbo, na hapo ungemwona! Mgongo ukanyooka, macho yakawaka, mikono ikakumbuka kila kitu: legeza, kaza, legeza. Akamleta samaki mpaka ubavuni mwa mashua, akampima, akamrudisha majini akicheka kama bwana harusi. Na samaki aliyerudishwa majini, ndugu yangu, hatoi ushahidi mahali popote.

"Bado?" akauliza jioni ile, na safari hiyo aliuliza kwa madaha.

"Bado, papa. Tena nani anakuweza wewe?"

Basi mchezo ukanoga. Julai wanne, Agosti saba. Sofie, binti yake Jan anayeishi Leuven, alikuwa anampigia Hamadi simu kila Jumapili. Ni mwanamke mzuri, mwalimu, mwenye sauti ya mtu aliyechoka. Aliuliza: baba anakula? Analala? Gari bado anaendesha vizuri? Nimnyang'anye funguo? Na Hamadi, aliyekuwa ameshajenga nyumba ya uongo upande mmoja, ilimbidi ajenge na ukuta wa pili isianguke. Akamwambia baba yake yuko imara, anavua kuliko yeye. Sofie akashusha pumzi kwenye simu. Akasema, "Bila wewe sijui ningefanya nini, Hamadi." Funguo zikabaki kwa mzee.

Septemba ndipo akaja yule mkubwa.

Ule ni mwezi wa perchi kukusanyika. Vidagaa wanaruka juu ya maji kama mvua inayonyesha kutoka chini, ndege wanapiga kelele juu, perchi wako katikati wanakula kwa fujo. Hamadi alirusha chambo pembeni ya vurugu hiyo na kitu kikavuta fimbo mpaka ncha ikaingia majini. Akajua mara moja kuwa huyu si wa kila siku. Moyo ulimwambia: huyu wako, Hamadi, huyu mle wewe mwenyewe, umemtafuta miaka mitano. Akamtazama mzee. Jan alikuwa amelikodolea macho tundu la ndoano kama mtu anayesoma barua, midomo inacheza bila sauti, hayuko pale kabisa.

"Papa! Fimbo yako! Amka, ni jitu!"

Dakika sita walishindana, mzee na samaki. Sentimita arobaini na saba. Jan alipima mara tatu. Miaka thelathini kwenye bwawa lile, alisema, hajawahi kufikisha arobaini na tano, na machozi yakamtoka waziwazi, akayaacha yatiririke. Hamadi akampiga picha, mzee kamkumbatia samaki kifuani. Kisha akamrudisha majini kwa mikono miwili. Akakaa chini, akamshika Hamadi bega.

"Donc, basi, kichwa kinavuja, lakini mikono haivuji," akasema. "Daktari hajui kila kitu."

Hamadi alicheka naye. Lakini hakumtazama machoni.

Picha ile ilizunguka Auderghem nzima: kwa mwenye duka la mikate, kwa jirani, kwa kinyozi. Sofie aliitia kwenye fremu. Nyumbani Molenbeek, Hamadi alimsimulia Aziza mkewe, akitegemea atasifiwa. Aziza alikuwa anakatakata sombe, majani ya muhogo. Akaweka kisu chini.

"Umemvisha mzee wa watu kilemba cha ukoka," akasema. "Na akaamini."

"Nimemsitiri, Aziza. Tulivyofunzwa."

"Tulifunzwa kusitiri aibu. Hii si aibu, hii ni hatari. Mtu haoni vizuri, wewe unamwambia barabara ni nyeupe, endelea! Si uliapa? Si alisema mwenyewe umwambie?"

"Nitamwambia vipi? Nimtazame usoni nimwambie papa, umekwisha?"

"Ndivyo alivyokuomba." Aziza akashika tena kisu. "Wewe humwogopei yeye, Hamadi. Unajiogopea mwenyewe, usimwone akikuchukia. Na mficha maradhi kifo humuumbua."

Hamadi alinuna siku mbili. Kisha akaamua: Jumamosi inayokuja, kwenye mashua, atamwambia. Jumamosi ikaja, mvua. Ya pili, Jan alikuwa na furaha mno, Hamadi akasema moyoni tusimharibie. Ya tatu akafungua mdomo kabisa, akasema "Papa," na mzee akageuka na ule uso wake wa kumwamini, na Hamadi akamalizia, "kahawa imebaki?" Akajiona mwoga, na alikuwa mwoga kweli.

Mwezi Oktoba, Jumanne, siku ambayo Hamadi huwa kwa mgonjwa mwingine, Jan aliamka, akavaa, akachukua funguo, akaenda bwawani peke yake. Kwa nini asiende? Mtu aliyevua sentimita arobaini na saba anahitaji yaya? Kwa rehema ya Mungu alifika salama, jinsi gani hajui mtu. Akaitoa mashua, akasahau koti la kujiokolea, akaendesha ile mota ya umeme mpaka betri ikaisha katikati ya maji. Hakuwa na simu. Upepo ulimsukuma ng'ambo. Walimu wa shule ya mashua za tanga walimkuta alasiri, amelala sakafuni mwa mashua kwenye maji ya baridi yaliyoingizwa na mawimbi, yanayofika mbavuni, midomo ya buluu, anamwita Renée. Dakika chache zaidi, walisema, ingekuwa habari nyingine.

Hamadi aliposikia, alikaa kwenye ngazi za metro pale Étangs Noirs, watu wakimruka, akalia. Yeye ndiye aliyempeleka mzee majini. Hakumsukuma kwa mkono, alimsukuma kwa samaki kumi na wawili.

Kikao kiliitwa Ijumaa ya pili ya Novemba, saa nane mchana, sebuleni kwa Jan. Alikuwepo Sofie, macho mekundu. Alikuwepo daktari Inès, kijana, mpole, daftari mapajani. Jan alikaa kwenye kiti chake, amenyolewa vizuri, amefunga tai. Picha ya perchi ilikuwa ukutani nyuma yake. Hamadi alipewa kiti cha mwisho, karibu na dirisha.

Walizungumza Kifaransa. Daktari alieleza, bila kuzunguka lakini kwa upole, kwamba kuna maswali mawili: kama Jan anaweza kuendelea kuishi peke yake, na kama yaliyompata ni ajali tu au ni hali. Jan akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa ufasaha wa mwalimu, kwamba ni ajali. Betri ilikuwa mbovu. Yeye amevua samaki kumi na wawili tangu Julai, mmoja wao ndiye huyo ukutani, na mtu ambaye kichwa kimeisha hawezi kufanya hivyo.

"Na nina shahidi," akasema. "Mwulizeni Hamadi. Mimi na yeye tuna makubaliano, tangu Januari. Ingekuwa siwezi tena, angeniambia. Aliapa kwa Mungu wake. Ninyi nyote mtanidanganya kwa kunipenda. Huyu hawezi."

Wote watatu wakageuka upande wa dirisha.

Hamadi aliziona njia zote mbili wazi. Akisema ndiyo, mzee atabaki na nyumba yake, tai yake, samaki wake, na siku moja watamtoa bwawani amekwisha kufa. Akisema hapana, atamvua nguo mbele ya mtoto wake aliyemzaa. Njia ya tatu ilikuwepo, safi kabisa, maneno ya watu wawili kwenye mashua, lakini ile ilikuwa ya Julai.

"Madame," akamwambia daktari, "mzee hajavua samaki tangu Julai. Nilikuwa ninavua mimi. Nikishamkamata samaki, ninambadilishia mzee fimbo. Ndoano pia ninamfungia mimi. Yeye hajui. Nilimficha." Akamgeukia binti. "Na wewe, Sofie, nilikuficha. Nisameheni."

Sofie aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kalamu ya daktari ikasimama. Jan hakushtuka, hakupiga kelele. Aliinama mbele kidogo, akaacha Kifaransa, akauliza kwa Kiswahili, polepole, ili binti yake asielewe:

"Hata yule mkubwa?"

Ee Mungu. Hamadi angetoa nini asijibu swali hilo! Angalau huyo amwachie; samaki mmoja tu, nani atadhurika? Lakini macho ya mzee yaling'ang'ania pale pale, na Hamadi akajua kwamba akimpa huyo mmoja, kesho Jan atautafuta ufunguo wa gari.

"Hata yule mkubwa, papa."

Jan akaegemea kiti. Akawa mdogo ndani ya shati lake. "Nilikuomba uniambie mimi," akasema. "Mimi. Si wao."

Kisha akageuka kwa binti yake, akasema kwa Kifaransa kwamba watafute mahali wanapoona panafaa, yeye hana la kusema, na kwamba monsieur pale dirishani amechoka, apewe koti lake. Miaka sita Jan hakuwahi kumwita Hamadi monsieur. Sofie alimletea koti, akamsindikiza mpaka mlangoni, na pale mlangoni akamshika mkono na kumshukuru kwa kusema ukweli. Hamadi akachukua koti, akatoka.

Walipata nafasi Ganshoren, kwenye nyumba ya wazee yenye bustani na dirisha kubwa. Hamadi hakwenda. Wiki tatu aliambiwa na Aziza nenda, akajibu mzee hataki kumwona, na Aziza akamjibu, "Basi nenda ukakataliwe, lakini nenda." Ijumaa moja ya Desemba, baada ya swala ya mchana, akanunua maandazi, akaenda.

Jan alikuwa peke yake karibu na dirisha. Aliposikia hatua akainua uso, na uso ukachanua.

"Hamadi! Ndugu! Ulikuwa umepotelea wapi? Keti, keti. Msimu karibu unafungwa na sisi hatujaenda majini. Wamenileta hapa kwa siku chache tu, kifua." Akamvuta karibu, akaangalia mlangoni kama hakuna mtu, akashusha sauti. "Niambie. Bado?"

Hamadi akaelewa. Kikao, Sofie, daktari, yule mkubwa, vyote vilikuwa vimeshavuja. Furaha ya kusamehewa ilimpanda, kisha ikageuka uchungu, kwa sababu hakuwa amesamehewa, alikuwa amesahauliwa tu. Na neno lilikuwa palepale kwenye ulimi, jepesi, limezoea njia: bado, papa.

Akaweka maandazi chini. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Imefika, papa," akasema. "Ile siku. Huwezi tena. Ndoano huwezi kuifunga, samaki akigonga husikii. Nimeona kwa macho yangu. Mimi na wewe tu, nakwambia."

Jan akageuza uso, akatazama nje. Machozi mawili yakashuka, akayafuta kwa kitambaa chake kilichokunjwa vizuri. Halafu akaupiga piga mkono wa Hamadi, kama anavyofanya mtu anayemfariji mwingine.

"Asante, ndugu yangu," akasema. "Afadhali umeniambia mapema, kabla Sofie hajajua."